Maswali na majibu: kompyuta mpakato inayochafua redio

Swali: Nikiwasha kompyuta mpakato, bendi ya mita 40 (masafa ya redio ya karibu 7 MHz) inajaa mvumo na stesheni dhaifu zinapotea. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na chaja, ndiyo mkosaji mara nyingi. Ing'oe ukutani, kompyuta iendelee kwa betri. Usiichomoe kwenye kompyuta tu: ikibaki kwenye soketi bado hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na marudufu (vizidisho) ya masafa hayo hupanda hadi HF, yaani masafa ya 3 hadi 30 MHz. Utaitambua kwa vilima vya mvumo vinavyojirudia kwa nafasi sawa, tuseme kila 70 kHz, unapozungusha kitufe cha masafa. Tena husogea kidogo kidogo chaja inapopata joto. Vikikatika, umempata. Kabla ya jaribio hili usinunue kitu.

Swali: Nimebana kipande cha feraiti (kauri ya sumaku ya kuzuia kelele) kwenye waya wa chaja, sioni tofauti. Ni mzaha?

Jibu: Si mzaha, ila waya ukipita mara 1 tu, kizuizi kwenye HF ni kidogo mno. Huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko: ukipitisha mara 5 unapata takriban mara 25. Tafuta pete ya feraiti ya mchanganyiko namba 31 yenye kipenyo cha nje cha 61 mm, uizungushie waya mara 10 hadi 14 kwa bendi za mita 80 na 40. Kila kupita tunduni ni mzunguko 1.

Nyaya za chanya na hasi zipite pamoja. Mkondo wa kuchaji huenda na kurudi, sumaku zake hufutana, pete haishibi sumaku. Kinachobanwa ni ule uchafu unaokimbia kwenye nyaya zote kuelekea upande mmoja na kuzigeuza antena. Weka pete karibu na chaja, na nyingine kwenye waya wa upande wa soketi. Kwa bendi ya mita 10 punguza mizunguko. Ikirundikana, kelele huruka kutoka mzunguko hadi mzunguko bila kupita kwenye kizuizi. Zile pete za njano za pawa saplai kuukuu ni za unga wa chuma, hazifai hapa.

Swali: Kwa betri kimya, lakini nikiunga USB kwenye redio kelele zinarudi.

Jibu: Kebo imeunganisha bodi ya kompyuta na bodi ya redio. Tumia fupi yenye ngao (wavu wa chuma unaofunika nyaya za ndani), uizungushe kwenye pete upande wa kompyuta. Waya wa sauti kati ya kompyuta na redio ukiungurumisha, weka transfoma ya kutenganisha ya 1:1, ohm 600.

Swali: Nikate pini ya ardhi ya plagi?

Jibu: Hapana. Inakukinga na shoti.

Swali: Antena yangu imo chumbani, mita 2 kutoka kompyuta.

Jibu: Basi pete zitakusaidia nusu tu. Itoe nje, walau mita 10 kutoka nyumba ikiwezekana, na uweke pete kwenye koaksi (kebo ya antena) pale inapoingia ndani, la sivyo ngao yake itabeba kelele za chumbani hadi kwenye antena.