Shule imekupokea, bodi bado haijakuuliza

Barua za safari hii karibu zote ni za tumbo moja: mtu yuko Marekani, anataka kusomea unesi, na nyuma yake kuna kesi. Nusu ya walioandika wametaja kesi bila kutaja jimbo. Leseni hutolewa na bodi ya uuguzi ya jimbo, na kila jimbo lina sheria zake. Ukiniandikia bila jimbo unataka nipige ramli, na mimi si mganga.

Nimepokelewa chuo hapa Georgia. Chuo kilikagua rekodi yangu nikatoka safi, ingawa nilikuwa na kesi mwaka 2012. Je, bado nina la kuhofia?

Unalo. Chuo kwa kawaida hukodi kampuni, na kampuni hiyo hupekua kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali ulipowahi kuishi, mara nyingi kwa miaka saba tu iliyopita. Kesi yako ya 2012 haikuonekana kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Bodi huchukua alama za vidole na kuzipitisha kwa polisi wa jimbo na FBI, na vidole havina habari na hiyo miaka saba.

Kati ya chuo na bodi yuko wa tatu ambaye watu humsahau: hospitali utakayopelekwa kwa mafunzo ya vitendo. Hospitali ina masharti yake kwenye mkataba wake na chuo. Ikikukataa wodini, saa za vitendo hazitimii, na bila saa hizo huhitimu hata kama darasani wewe ndiye wa kwanza. Hiyo ni milango mitatu, kila mmoja na bawabu wake, na bawabu wa kwanza ndiye aliye mpole kuliko wote kwa sababu ndiye anayepokea ada.

Fungua kitabu cha wanafunzi ulichopewa siku ya kujiandikisha. Mahali fulani mle, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kupokelewa chuoni si ahadi ya kupata leseni, na saini yako iko chini yake. Hivyo usije ukamlaumu msajili miaka miwili baadaye. Waandikie bodi ya Georgia sasa, kabla ya muhula wa pili, uwaulize kesi ya aina yako huishughulikia vipi. Na ukitaka kujua FBI wana nini juu yako, omba nakala ya rekodi yako mwenyewe. Ada yake ni dola 18, bei ndogo kuliko kitabu kimoja cha famakolojia.

DUI ni kosa la barabarani tu, sivyo? Fomu inasema makosa ya barabarani yasitajwe.

Sivyo. Faini ya mwendo kasi ni ya barabarani. Kuendesha ukiwa umelewa ni jinai karibu majimbo yote, na bodi ikiiona hailifikirii gari, inaifikiria pombe. Itaje.

Mwanasheria wangu alisema kesi yangu imefutwa. Fomu inauliza kama nimewahi kukamatwa au kushtakiwa. Nijibu “hapana”?

Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba ningelichapisha kwenye fulana. Soma kitenzi! Kukamatwa, kushtakiwa, kukiri kosa, kuhukumiwa: hivyo ni vitu vinne, na fomu huchagua kwa makusudi. Mtu aliyekamatwa asubuhi na kuachiwa jioni bila shtaka hajahukumiwa, lakini kukamatwa amekamatwa.

Halafu muulize huyo mwanasheria “imefutwa” maana yake nini hasa. Rekodi iliyoharibiwa kwa amri ya mahakama si sawa na iliyofichwa umma usiione, na hiyo iliyofichwa si sawa na kesi ambayo hakimu aliahirisha hukumu, ukamaliza kipindi cha uangalizi, ikatupwa. Wengi mnaziita zote “imefutwa”. Texas, kwa mfano, hukumu iliyoahirishwa inatakiwa itajwe, hata kama hakimu mwenyewe alikupongeza na kukuambia huna hatia kwenye rekodi. California imelegeza: tangu Julai 1, 2020, sheria inazuia bodi kumnyima mtu leseni kwa hukumu iliyopita miaka saba, isipokuwa makosa mazito, na hukumu iliyotenguliwa na mahakama haiwezi kutumika kumnyima. Unaona kwa nini nang'ang'ania jimbo.

Sasa nitasema jambo ambalo hukuniuliza. Kama wewe bado si raia, idara ya uhamiaji ina hesabu yake. Kwa sheria ya uhamiaji, ukishakiri kosa na hakimu akakupa adhabu au masharti yoyote, hiyo ni hukumu, hata kama jimbo baadaye liliitupa kesi. Maelezo utakayowaandikia bodi ni karatasi yenye saini yako na inaweza kusomwa na wengine. Mpelekee kwanza mwanasheria wa uhamiaji aipitie. Namaanisha mwanasheria. Yule kaka wa kundi la WhatsApp ambaye shemeji yake alipata grinikadi si mwanasheria.

Na kwa wote wanaofikiria kujibu “hapana” na kumwachia Mungu: kudanganya kwenye ombi la leseni ni kosa linalojitegemea. Kesi ndogo ya ujana bodi huisamehe mara nyingi. Uongo wa mwaka huu haina sababu ya kuusamehe, na inaweza kuufufua hata ukiwa umeshafanya kazi miaka mitano.

Niko Houston. Nilikamatwa kwa wizi wa dukani nikiwa na miaka 19, nikalipa faini. Sasa nina 31 na watoto wawili. Nianze masomo kisha nione itakavyokuwa?

Dada, “nione itakavyokuwa” ndiyo sentensi inayonipandisha presha. Texas imekupa njia. Kuna ombi linaloitwa Declaratory Order: mtu aliyepokelewa chuo cha unesi, au anayepanga kuanza, anaiomba bodi itamke mapema kama kesi yake itamzuia leseni. Majimbo mengine kadhaa nayo yana utaratibu wa aina hiyo. Unapeleka ombi, ada, na karatasi zako, unasubiri, wakati mwingine miezi. Ndiyo maana uanze leo, siyo muhula wa mwisho wenzako wakijiandaa kwa NCLEX, mtihani wa leseni.

Texas ina orodha ya makosa yanayofunga mlango kwa nguvu, kama mauaji, utekaji nyara, ubakaji, na kumdhuru mtoto au mzee. Aliyehukumiwa kwa hayo hawezi hata kufikiriwa kabla ya miaka mitano kupita tangu amalize uangalizi wa mahakama au parole, yaani kuachiwa jela mapema kwa masharti. Wizi wa dukani wa miaka 12 iliyopita haumo. Utapimwa kwa uzito wa kosa, muda uliopita, na ulivyoishi tangu hapo.

Sasa kuhusu ile barua ya maelezo, maana hapo ndipo watu wetu huharibu. Rasimu uliyonitumia inaanza na historia ya kijiji chenu, inapitia msiba wa mjomba, na kosa lenyewe linatokea ukurasa wa pili kwa maneno “marafiki waliniponza”. Ifute. Andika tarehe, duka, ulichochukua, thamani yake, mahakama iliamua nini, na siku uliyomaliza kulipa. Kisha aya moja: tangu hapo umefanya nini. Ambatisha nakala za mahakama zenye muhuri, siyo picha uliyoipiga kwa simu ikiwa na kidole gumba pembeni. Kama mahakama inasema faili limeharibiwa kwa kukaa muda mrefu, omba barua inayosema hivyo. Barua ya mchungaji weka, haidhuru, ila ya msimamizi wako kazini ina uzito zaidi, hasa ikionyesha kwamba anaijua kesi. Barua ya sifa kutoka kwa mtu asiyejua kilichotokea haithibitishi chochote.

Nilikuwa CNA, mhudumu msaidizi wa unesi, kwenye nyumba ya wazee. Niliandikiwa ripoti ya kumtelekeza mgonjwa, lakini sikushtakiwa mahakamani. Hii haihesabiki kama rekodi, au vipi?

Inahesabika, na kwa upande mwingine ni mbaya kuliko kesi. Uchunguzi wa jimbo ukithibitisha kwamba ulimtelekeza au kumdhuru mkazi, jina lako huandikwa kwenye rejista ya wahudumu, na kwa kanuni za serikali kuu nyumba za wazee zinazopokea Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, haziruhusiwi kukuajiri. Polisi hawakuhusika, mahakama haikuhusika, na bado kazi imekwisha.

Barua ya kukujulisha huja na muda maalumu wa kuomba usikilizwe. Najua ninyi mnaohama nyumba kila mwaka bila kubadilisha anwani mnavyozipata barua hizo: miezi minne baadaye, mezani kwa mpangaji wa zamani. Kama muda umepita, sheria ina dirisha dogo: kwa tukio moja la utelekezaji, baada ya mwaka mmoja unaweza kuliomba jimbo liondoe jina lako, ikiwa historia yako ya kazi haionyeshi mtindo wa utelekezaji. Kwa unyanyasaji dirisha hilo halipo. Hapa tafuta mwanasheria anayeshughulikia leseni za afya. Ipo pia orodha ya serikali kuu ya watu waliofungiwa nje ya Medicare na Medicaid. Aliyehukumiwa kwa kumnyanyasa mgonjwa au kuiibia Medicare hukaa humo angalau miaka mitano. Mwajiri ataiangalia hata kama bodi imekupa leseni, kwa hiyo unaweza kuwa na leseni ukutani na usiwe na pa kuitumia.

Bangi ni halali jimboni kwetu. Chuo kina haki gani kunipima?

Haki yote. Kwa sheria ya serikali kuu bado si halali, na hospitali haitaki mjadala. Kama si raia, hata kukiri kwa mdomo mbele ya afisa wa uhamiaji kwamba unavuta kunaweza kukugharimu. Acha.

Alama zangu za vidole zimerudishwa mara mbili. Je, wamenipata na kosa?

Hapana, wamekupata na vidole vilivyolika. Ukiosha mikono kwa dawa mara 40 kwa zamu moja, mistari ya vidole inafifia, na mashine inasoma ukungu. Usiogope. Paka losheni siku kadhaa kabla ya kwenda, ila siku yenyewe usipake. Zikikataliwa mara ya pili, bodi inaweza kuomba FBI wakutafute kwa jina badala ya vidole.

Hapo kwenye jina ndipo tunapojikwaa. Pasipoti ina majina matatu, leseni ya udereva ina mawili, kadi ya Social Security imeweka jina la babu katikati, na cheti cha ndoa kimeleta la nne. Fomu ikikuuliza majina mengine uliyowahi kutumia, yaandike yote. Ukiacha moja, mtu mwingine ataona unaficha.

Kuna mtu anauza nafasi kwenye programu ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) ya miezi mitatu, hakuna ukaguzi wa rekodi, hakuna wodi, unafanya NCLEX moja kwa moja. Ni kweli?

Ni kweli kwamba anauza. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi iliyoitwa Operation Nightingale: vyuo vitatu vya Florida kusini viliuza vyeti bandia zaidi ya 7,600. Kwa maelezo ya wapelelezi, walionunua wapatao 2,400 walifaulu mtihani na kupata leseni. Bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwafuata mmoja mmoja na kuzifuta. Mnaotaka kuniambia kwamba walifaulu mtihani kwa hiyo walikuwa wanajua kazi, msiniandikie. Mgonjwa hakai kwenye karatasi ya mtihani. Na kuna mashangazi wa makanisani wanaopokea kamisheni kwa kuwapelekea watu hawa wateja. Mnawajua.

Kesi yangu ilikuwa Kenya, zamani. Marekani hawawezi kuijua, kwa nini niitaje?

Kwa sababu fomu nyingi zinauliza mahakama yoyote, nchi yoyote. Na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya Kenya, unaweza kuambiwa ukilete siku yoyote, kwa bodi au kwa uhamiaji. Jibu lako na cheti hicho vikigongana, umekwama pande zote mbili.

Nadaiwa matunzo ya mtoto. Hilo linahusiana nini na unesi?

Tangu 1996 sheria ya serikali kuu inayataka majimbo yawe na njia ya kuzuia leseni za kazi za wanaokwepa matunzo. Lipa, au fanya makubaliano ya kulipa kidogo kidogo na uyaweke kwa maandishi.

Nina feloni, yaani kosa zito la jinai, ya 2009. Bodi ya jimbo langu imenikubalia leseni. Naweza kwenda kufanya kazi za mkataba majimbo mengine kwa leseni hiyohiyo?

Hongera kwanza, maana hilo si dogo. Lakini hapana. Majimbo zaidi ya 40 yamo kwenye mkataba wa leseni moja inayovuka mipaka, na tangu Januari 2018 masharti ya mkataba huo ni ya pamoja: aliyehukumiwa kwa feloni hapati leseni hiyo. Utapata ya jimbo lako peke yake. Ukitaka kwenda jimbo jingine unaomba leseni ya huko upya, kwa ada yao, vidole vyao na maswali yao, na unaieleza kesi ya 2009 tena tangu mwanzo. Kwa hiyo nakala za mahakama usizipeleke zote kwa bodi ya kwanza. Omba seti tatu au nne zenye muhuri kwa mpigo, na uamuzi wa bodi yako uutunze pamoja nazo. Bodi ya pili itauomba. Wakala anayekupigia simu kila Jumatatu na mikataba ya California hajui haya, au anajua na ameona si kazi yake. California haimo hata kwenye mkataba huo.