Utando wa PVA kuyeyuka kwenye otoklevu

Mkuu uliyeandika kutoka Moshi, umesema utando wako wa kufunika kidonda, PVA (polivinili alkoholi, polima inayoyeyuka kwenye maji) ya asilimia 10 iliyogandishwa na kuyeyushwa mara tatu, umegeuka uji kwenye otoklevu, yaani chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha, na mwingine unachanika ukiubandua. Hayo ni matatizo mawili, kila moja na chanzo chake.

Jeli hii haina kemikali ya kuunganisha. Maji yakiganda, barafu inaisukuma minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za PVA, ibanane, na inapobanana hutokea fuwele ndogo zinazoshika kama mafundo. Mafundo hayo huachia kwenye nyuzi 70 hadi 80 hivi, na otoklevu ni 121. Ua vijidudu mapema, mchanganyiko ukiwa bado kimiminika ndani ya chupa, kisha umimine ndani ya kabati safi la maabara lisiloingiza vijidudu, katika sahani zilizokwisha kusafishwa. Njia nyingine ni mionzi ya gama, kilogrei 25, utando ukiwa tayari umefungwa kwenye pakiti yake.

Angalizo kwa wa Arusha: kwenye mita 1,400, mshale wa presha wa otoklevu ukisoma psi 15 (psi ni kipimo cha presha) joto ni kama 118 tu. Unahitaji psi 17 na kitu. Fuata kipimajoto, presha isikudanganye.

Kuchanika, soma kwanza lebo ya kopo. PVA ya asilimia 87 au 88 ya hidrolisisi (kiasi cha asetati kilichoondolewa wakati wa kuitengeneza) inayeyuka upesi kwenye maji, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini mabaki ya asetati yanazuia fuwele kujipanga. Tafuta ya 98 hadi 99. Nyunyiza gramu 10 kidogo kidogo kwenye mililita 90 za maji baridi huku unakoroga. Ukiimwaga kwenye maji ya moto inafanya madonge, nje ute, ndani unga mkavu. Iache nusu saa, halafu nyuzi 90 kwa saa mbili au tatu, bika (chombo cha maabara cha kuchanganyia) limefunikwa. Pima uzito kabla na baada, rudisha maji yaliyopotea, la sivyo asilimia 10 yako si 10. Ikipoa hadi 60 viputo vitapanda vyenyewe. Mililita 20 kwenye sahani ya sentimita 9 zinakupa unene wa milimita 3.

Friza nyuzi −20, saa 16. Kuyeyusha ndipo wengi wanapoharibu: usianike juani. Weka sahani ndani ya kibaridi cha plastiki (sanduku la kuhifadhia baridi) ziyeyuke taratibu, saa 8, maana fuwele hukua wakati joto linapanda polepole. Umeme ukikatika katikati, hiyo sahani imepata mzunguko (kuganda na kuyeyuka mara moja) usiohesabika. Itenge, usiilinganishe na sahani nyingine.

Mzunguko wa tatu ukiisha, utando mzuri ni mweupe kama tui na ukiukunja unarudi. Ukibaki angavu kama ute wa yai na kunata kidoleni, haujashika. Kata kipande, kikaushe, kipime, kiloweke kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa nyuzi 37 saa 24, kikaushe na kukipima tena. Kisuuze kwa maji safi kabla ya kukikausha mara ya pili, chumvi isije ikaongeza uzito. Gramu zilizopungua ni PVA ambayo ingeishia kwenye kidonda.