Kompyuta inadai nenosiri kabla ya Windows kuanza

SWALI: Nina kompyuta ya mezani ya zamani iliyokaa kabatini kwa muda mrefu. Nikiiwasha, kabla hata Windows haijaanza, kinatokea kisanduku kinachodai nenosiri ambalo nimelisahau. Fundi amenishauri nipige fomati diski au ninunue ubao mama mpya. Je, hakuna njia nyingine?

JIBU: Kupiga fomati hakutakusaidia chochote, kwa sababu nenosiri hilo halimo kwenye diski. Linadaiwa na BIOS, yaani programu inayoiamsha kompyuta, na katika kompyuta nyingi za mezani za zamani huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya CMOS, pamoja na saa na tarehe. Kumbukumbu hiyo hutegemea betri bapa kama sarafu, kwa kawaida aina ya CR2032 yenye volti 3, na ikikosa umeme kabisa hupoteza yote iliyoyashika. Ndiyo maana baadhi ya kompyuta zilizokaa kabatini hujifungua zenyewe betri inapokufa. Yako bado ina chaji, au ubao wake unatunza nenosiri kwenye chipu nyingine.

Chomoa waya wa umeme, kwani kuzima tu hakutoshi: umeme kidogo huendelea kufika kwenye ubao. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili kumaliza uliosalia, fungua kasha na ushike chuma chake kabla ya kugusa kitu kingine. Tafuta pini mbili au tatu zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au PSWD, ambazo mara nyingi huwa karibu na betri. Kwenye bao nyingi zenye pini tatu, jampa, yaani kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili, huhamishwa kutoka pini 1 na 2 hadi 2 na 3 kwa sekunde 10 hivi, kisha hurudishwa. Lakini ile ya PSWD ina utaratibu wake, hivyo fuata maelezo ya ubao wako, ambayo wakati mwingine yamebandikwa ndani ya kifuniko. Usipoona jampa, toa betri, ukikumbuka upande wenye alama ya kujumlisha ulikoelekea, na uiache nje kwa nusu saa au zaidi.

Ukiwasha tena, usishtushwe na ujumbe wa kosa wala tarehe iliyorudi nyuma miaka mingi. Linalotisha zaidi ni Windows kugoma na kuonyesha skrini ya buluu. Mara nyingi diski ni nzima, ila mpangilio wa SATA, yaani jinsi ubao unavyowasiliana na diski, umebadilika kutoka AHCI kwenda IDE au kinyume chake. Ingia kwenye BIOS, urudishe ulivyokuwa, na mfumo utaanza.

Nyongeza kwa wenye kompyuta mpakato: nyingi huweka nenosiri kwenye chipu isiyohitaji betri, kwa hiyo kutoa betri ni kazi bure. Baadhi huonyesha namba maalumu baada ya kukosea mara tatu. Iandike, kisha wasiliana na mtengenezaji ukiwa na risiti ya ununuzi. Aidha, kama kisanduku kinataja diski au HDD, nenosiri hilo limo ndani ya diski yenyewe, na hakuna jampa wala betri ya ubao itakayoliondoa.