Uchovu Usiotibiwa na Usingizi

Mwenzangu wa kazini aliniambia mama yake amelazwa, na wazo la kwanza lililonijia lilikuwa: zamu yake atashika nani? Sikushtuka papo hapo. Nilishtuka usiku, nimelala chali, nikijiuliza tangu lini nimekuwa mtu wa namna hii.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye dawati la malalamiko. Kutwa nzima unapokea hasira za watu usiowajua, na sauti yako sharti ibaki tamu. Kwamba nimechoka nilijua, nani hachoki? Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikalala mpaka mgongo ukaniuma. Siku niliyorudi, saa nne asubuhi haijafika, nilikuwa palepale nilipoachia.

Kosa langu ni kudhani nimechoka mwili. Uchovu huu wa hisia aliuandika mwanasaikolojia Herbert Freudenberger mwaka 1974, baada ya kuuona kwa waliokuwa wakihudumia kliniki ya bure huko New York, yeye mwenyewe akiwamo. Mwanasaikolojia mwingine, Christina Maslach, akaja kuueleza kwa pande tatu: kuishiwa nguvu, kuingiwa na ganzi na kejeli kwa watu unaowahudumia, na kujiona hufanyi lolote la maana. Wengi tunaukamata upande wa kwanza tu. Mimi ulioniumbua ni wa pili. Nguvu zinarudi ukilala, lakini ganzi hairudi nyuma, maana kinachoileta umekiacha mezani kinakungoja.

Basi ilibidi niiguse kazi yenyewe. Nilimwendea bosi na maombi mawili: dakika kumi za kupumua baada ya simu iliyojaa matusi, na saa mbili kila siku za kujibu malalamiko ya maandishi badala ya simu. La kwanza alilikataa. La pili alilikubali, na hilo peke yake lilinipa ahueni kuliko likizo nzima.

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi, kwa sababu huko nako nilikuwa dawati la malalamiko, tena la bure. Nikajifunza kusema: "Ndugu yangu, leo sina masikio. Nipigie kesho nikusikilize vizuri." Mmoja alininunia wiki nzima. Wengine walipiga kesho yake, na wengine hawakupiga kabisa. Kumbe jambo lilikuwa limekwisha.

Jambo moja usilichezee: ukiona huzuni inakufuata hata kwenye mambo uliyokuwa ukiyapenda nje ya kazi, au umeanza kutamani usiwepo, usingoje likizo. Hiyo huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa. Nenda kwa daktari.

Yule mwenzangu nilimfuata baadaye, nikamuuliza habari za mama. Akanitazama kidogo. Mama alikuwa ametoka hospitali mwezi mmoja uliopita.