Tupa peke yake haikupi Super 16

Yakhe, waniuliza kama hiyo Bolex ya babu, kamera ya filamu ya milimita 16, itakuwa Super 16, yaani ya picha pana zaidi kwenye filamu ileile, kwa kupiga tupa tu kile kidirisha filamu inapopigwa na mwanga. La, haiwi. Picha inatoka upana wa milimita 10.26 inafika 12.52 na nyongeza yote inakwenda upande mmoja, ule ukingo wa filamu wenye safu ya pili ya matundu au njia ya sauti, kwa hivyo lenzi nayo lazima isogezwe ifuate katikati mpya, la sivyo lenzi pana zitakutia kiza kwenye pembe. Tena utumie filamu ya matundu upande mmoja, na zile Bolex za mwanzo zenye meno ya kuvuta filamu pande mbili zitairarua.

Wanalosahau wengi ni rola za ndani. Nimefungua moja hapa Mombasa nikaona wazi, rola inakanyaga palepale picha ilipoongezwa, yaani filamu ikisafishwa utakuta mchirizi mmoja mrefu tangu mwanzo hadi mwisho na hauondoki. Hizo zataka kukerezwa zichimbwe kidogo, na mkerezaji awe na mkono mwepesi, sio wa kutengeneza mageti.

Kama mfuko hauruhusu fanya Ultra 16, unapanua kidogo kulia na kushoto, picha ikaingia baina ya tundu na tundu, lenzi hapo haiguswi. Lakini waulize kwanza wanaokuskania filamu kuitia kwenye kompyuta kama mashine yao inasoma mpaka kwenye matundu, maana nyingi zinakata pembeni na utakuwa umechimba bure.