Nilivyoinyanyua Volkswagen yangu mara tatu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Musoma ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Beetle ya marehemu baba imelala nyuma, tairi zinakwaruza madigadi. Fundi anataka laki nne. Naweza kuinyanyua mwenyewe hapa nyumbani?"

Unaweza, mdogo wangu. Mimi niliweza mara ya tatu. Nitakusimulia zile mbili za mwanzo, maana ya tatu haina hadithi.

Yangu ni ya mwaka 1966, injini ya 1300. Niliinunua Magu kwa mwalimu mstaafu, na siku naileta nyumbani kaka yangu mkubwa alisema nimenunua kobe aliyekufa. Alisema mbele ya wageni. (Kaka, kama unasoma, nakumbuka bado.) Nyuma ilikuwa imelala kabisa, tairi zimetanuka chini kama miguu ya mtoto anayejifunza kutembea. Mimi naishi Bugarika, hapa Mwanza, na anayeijua Bugarika anajua njia zake: ukikosa jiwe la kushoto unalipata la kulia. Kila jioni bomba la moshi lilikuwa linasalimiana na jiwe lile lile.

Sasa, Beetle haina springi ya kujiviringa unayoijua wewe. Nyuma ina fimbo mbili za chuma zilizolala ndani ya bomba linalokatiza gari kwa chini, moja ya kila upande. Tairi likipanda, fimbo inasokotwa. Mafundi huziita tosheni baa, na kwangu lilikuwa baa kweli. Ncha ya ndani ya fimbo ina meno 40, ya nje ina 44. Ukihamisha jino moja la ndani umezungusha nyuzi 9. Jino moja la nje ni nyuzi 8 na kidogo. Kwa hiyo ukipeleka la ndani huku na la nje ukalirudisha kule, inabaki tofauti isiyofika nyuzi moja, yaani kama milimita 6 hivi za kimo. Aliyebuni hiki kitu alikuwa na kichwa.

Mara ya kwanza sikuyajua haya. Nilihamisha jino moja la ndani kila upande, basi. Gari likapanda zaidi ya sentimita 6, likasimama kama ng'ombe anayekojoa, tairi zimeingia chini ya tumbo. Mimi nikafurahi! Nikateremka nalo Nyegezi nikijiona, na kwenye kona mgongo wa gari ukainuka kama unataka kunipita. Ekseli za gari hizi zinabembea. Ukizinyanyua kupita kiasi, tairi linajikunja kwa chini kwenye kona na gari linaweza kupinduka. Nilirudi nyumbani kwa gia ya pili, nimekaa kimya.

Na kidole gumba. Bamba linaloshika ncha ya nje limekaa juu ya kizuizi chake likiwa na nguvu zote za fimbo. Ukilitoa pale kwa nondo bila kulifunga mnyororo na kuliwekea jeki chini, linashuka kama mtego wa panya. Kovu ninalo. Wapo vijana wanaoona video ya dakika nane, wanachukua spana, wanaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tafuta stendi! Mwanza tuna mawe ya kumgawia kila mtu, lakini jiwe ni la kuzuia tairi lisiviringike, si la kubeba gari ukiwa chini yake. Tofali ndiyo kabisa usiguse, linapasuka bila kuaga.

Mara ya pili nilikuwa nimeshasoma. Nikahesabu meno vizuri, nikarekebisha hadi levo ikaonyesha madigadi za kushoto na kulia ziko sawa sawa. Kazi ya siku mbili. Kesho yake nikaliegesha kwenye lami mjini, likawa limeinama upande mmoja kama mzee mwenye nyonga mbovu. Nikazunguka, nikazunguka. Tatizo halikuwa gari. Uwanja wangu unateremka kuelekea kwa jirani, karibu sentimita 3 kwa upana wa gari. Nilikuwa nimelirekebisha gari lifuate mlima.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, kuliko hayo ya meno. Kabla ya spana, pima uwanja. Mimi niliazima mpira wa maji, ule unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hupimia levo, nikagundua hakuna mita mbili zilizo sawa pale kwangu. Basi mara ya tatu nikaenda kuomba sakafu ya saruji ya kanisa la jirani, Jumatatu. Pembe ya bamba nikaipima kwa kipimapembe cha binti yangu, uzi na nati, tena nikiilinganisha na kizingiti cha mlango wa gari, siyo na ardhi.

Mengine ni ya kawaida. Tia alama ya patasi kabla ya kulegeza bolti tatu za ekseli, la sivyo tairi litarudi limepinda. Fimbo zina L na R, usizibadilishe. Zipake grisi, mkwaruzo ukishika kutu fimbo inakatika. Bushi za mpira zikiwa zimeoza weka mpya, na uzipake poda ya mtoto. Ukifungua mpira wa breki, toa upepo.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, nililivuka na Beetle hadi Sengerema, kilomita 3 juu ya maji, gari limekaa sawa. Kaka yangu alikuwa kiti cha mbele. Hakusema kitu, ila alipiga picha.

Ukipima yangu leo utakuta upande wa kulia uko juu kwa milimita 4. Huwaambia watu nimeuacha makusudi, kwa kuwa dereva anakaa kulia na mimi nina kilo 96. Mke wangu anajua ukweli.