Betri ya sola isilale njaa

Mi nakaa Kadutu, hapa Bukavu. Nilinunua sola sababu umeme ulikuwa unakuja usiku wa manane unaenda kabla hakujacha na watoto wanasomea mshumaa. Betri ya kwanza, ya volti 12, haikumaliza hata mwaka, ya pili nayo ikafuata njia ileile. Pesa ya betri mbili ni minervali, yaani ada ya shule ya watoto, niliumia sana, njo maana naandika hii.

Fundi alikuja akafungua vile vifuniko sita vya juu, nikamulika ndani na tochi ya simu. Kwenye vyumba viwili maji yalikuwa yameshuka, bamba za risasi, ile metali nzito, ziko wazi, zimeshika ukoko mweupe kama chumvi ya sufuria. Akasema imekufa, nunua ingine, akaenda. Ule weupe ni nini? Mwalimu mmoja wa kemia, jirani yetu, njo alinielewesha.

Kila chumba ni seli moja, inatoa volti 2 na kidogo, sita zikifuatana unapata 12. Ndani kuna bamba za aina mbili, risasi tupu na risasi iliyoshikana na oksijeni, zimelowa kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Sasa mimi nilidhani betri inaweka umeme kama bidoni inavyoweka maji, kumbe hapana. Ukiwasha taa, risasi inaachilia elektroni, zile chembe ndogo sana za umeme, zinapita kwenye waya, zinaacha nguvu yao pale kwenye taa kisha zinaingia bamba la upande wa pili, na zinazorudi ni nyingi sawa na zilizotoka, hakuna hata moja inayoliwa. Kinachopungua ni asidi, sababu inajishika kwenye bamba zote mbili na kuzigeuza salfeti ya risasi. Jua likitoka, pano, lile bamba la sola la juani, inasukuma elektroni zirudi nyuma, salfeti inayeyuka, asidi inarudi kwenye maji.

Lakini salfeti inayeyuka vizuri ikiwa bado changa. Betri ikikaa tupu siku nyingi inakomaa, inakuwa ngumu, pano haiwezi tena kuivunja. Ule weupe njo huo. Na sisi tulikuwa tunaangalia televizyo mpaka konvertisere, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inalia na kujizima, tena msimu wa mvua, kesho mawingu, kesho kutwa mawingu, betri inalala njaa wiki nzima.

Kwa hiyo nunua multimeta, kile kifaa cha kupima volti, ile ndogo ya sokoni inatosha. Pima asubuhi mapema, jua halijapiga pano na taa zote zimezimwa. Ukiona volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, hapo punguza matumizi, usingoje konvertisere ikatae, nyingi zinakata kwenye 10.5 na hapo umeshachelewa.

Maji: ongeza yale yaliyosafishwa ya betri tu. Ya bomba yana madini, yanaharibu. Na mtu asikuambie uongeze asidi! Mimi niliambiwa hivyo nikafanya, ile ya pili. Kinachopotea kwa joto na kwa kuchaji ni maji, asidi inabaki, sasa ukiongeza ingine inakuwa kali na inakula bamba.

Tafadhali usiiweke chumba wanacholala watoto, wakati wa kuchaji betri inatoa gesi ya haidrojeni, cheche moja inatosha kulipuka, kwa hiyo usichungulie ndani na mshumaa. Asidi ikiruka machoni suuza na maji mengi muda mrefu, kisha nenda hospitali.

Mwenye uwezo anaweza kuchukua betri ya aina ingine, ya lithiamu, chuma na fosfati, yenyewe inavumilia kushuka chini zaidi na haihitaji maji, ila bei yake iko juu.

Hii betri yangu ya tatu iko mwaka wa nne. Leo asubuhi nimepima 12.4, na usiku tuliwasha taa mbili, tukachaji simu tatu, mtoto akamaliza kazi yake ya shule.